Mchanga Una Wenyewe

Juma lililopita nilikuwa Katangi. Kwa asiyepajua, Katangi ni mji mdogo wa Yatta, kaunti ya Machakos, mbali na bahari kiasi kwamba kofia yangu ilitosha kunitambulisha kuwa mgeni. Nilikwenda kumpa mkono wa pole rafiki niliyesoma naye chuoni, aliyefiwa na babake, na sikuwa na nia ya kurudi na makala. Lakini jioni ya siku ya pili, tumekaa nje ya duka na chai, likapita lori la mchanga. Halafu la pili. Halafu la tatu, limeelemewa, mchanga ungali mbichi na maji yanadondoka nyuma njia nzima.

Mjomba wa rafiki yangu, mzee aliyenikalisha karibu naye tangu nifike, aliyafuata kwa macho mpaka yakapotea. Akaniambia, "Ustadh" (mimi si ustadh wa mtu, ni kofia tu), "nyinyi watu wa Mombasa mna bahati. Mchanga wenu ni wa kulalia wazungu. Huu wetu unatuletea polisi na kesi."

Nikamjibu kwamba na wetu una kesi, ila mlalamikaji hajui kusema. Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni kaa. Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na ikanibidi nimweleze. Maelezo yale ndiyo nayarudia hapa, kwa sababu nimegundua kwamba hata sisi tuliozaliwa ufuoni tunamjua kaa huyu kwa kumkimbiza tu.

Simsemi kaa wa mikokoni, yule mnene wa matope anayeuzwa kwa kilo. Namsema yule wa mchangani, mweupe mweupe, ambaye ukitembea ufuoni magharibi unaona kitu kimepita pembeni ya jicho, ukigeuka hakipo. Gamba lake ni la mraba kama kijisanduku, na rangi yake ni ya mchanga wenyewe, ndiyo maana Waingereza wamempa jina la mzimu. Macho yake makubwa yamekaa juu ya vijiti viwili vilivyosimama wima, kwa hivyo anaona mbele, nyuma na ubavuni bila kujigeuza. Gando moja kubwa, jingine dogo. Pwani yetu ina zaidi ya aina moja: yule ambaye akikomaa huota vipembe juu ya macho, wataalamu wanamwita Ocypode ceratophthalmus, na yuko mwingine wa rangi ya waridi iliyopauka, Ocypode ryderi. Hilo jina la kwanza ni la Kigiriki, maana yake mwenye miguu ya kasi, na hawakukosea. Huyu wa vipembe hukimbia kiasi cha mita 2 kwa sekunde, ubavuubavu, na akichoka upande mmoja anajizungusha hapo hapo na kuendelea na safari ile ile akitanguliza upande wa pili. Watoto wetu wanaojaribu kumkamata hawajui kwamba wanashindana na bingwa.

Kuna jambo moja nililomwambia mzee akanitazama kama naongeza chumvi. Mwaka 2019 watafiti huko Marekani walichapisha habari za kaa wa jamaa hii, wa pwani ya Atlantiki, ambaye akikasirika hunguruma kwa tumbo. Ndani ya tumbo lake mna meno ya kusagia chakula, naye huyasuguanisha ili amtishe adui, huku magando yakiwa tayari kupigana. Wallahi si mzaha.

Sasa tuje kwenye maisha yake. Kaa huyu anavuta pumzi kwa matamvua kama samaki, lakini ameacha bahari. Ukimzamisha majini muda mrefu anakufa. Ukimwacha juani matamvua yakakauka, anakufa vilevile. (Sisi wafuasi wa Imam Shafi tuna mjadala wetu wa zamani kuhusu kaa: Minhaj ya Imam Nawawi inamweka pamoja na chura katika viumbe wanaoishi bara na majini, wasioliwa, madhehebu mengine yana kauli nyingine, na Waswahili wanaomla kaa wa matope ni wengi tu. Mlango huo siufungui leo. Ila kama kuna kaa anayestahili sifa ya kuishi kuwili, ni huyu.) Kwa hiyo uhai wake wote umening'inia kwenye kitu kimoja: unyevu. Huenda ukingoni mwa maji kulowa, kisha hurudi juu. Na asipotaka kwenda baharini, ana hila nyingine. Kwenye mashina ya miguu yake mna vishungi vya nywele. Akikaa juu ya mchanga mbichi, nywele zile hufyonza maji yaliyo baina ya punje na kuyapandisha hadi kwenye matamvua. Anakunywa mchanga, kwa maneno mengine.

Ndiyo sababu anachimba. Tundu lake si la kujificha tu, ni kisima. Kaa wachanga huchimba karibu na maji, vitundu vifupi, kwa kuwa huko mchanga umelowa tangu juu. Wakubwa hupanda hadi juu ya alama ya maji makuu, karibu na majani yanayotambaa, na huko lazima wateremke hadi wafikie mchanga mbichi, mara nyingine mita nzima na zaidi. Kadiri tundu lilivyo mbali na bahari ndivyo linavyokwenda chini. Huchimba kwa kukunja miguu ya upande mmoja na kukumbatia fungu la mchanga, kama mtu aliyebana kifurushi kwapani. Hutoka nalo mlangoni, hulirusha, hurudi. Ukiona mbele ya tundu mchanga umetapakaa kama upepeo, mwenyewe yumo. Ndani tundu huinama, hupinda, mara nyingine hugawanyika na kuwa na mlango wa pili wa dharura. Adhuhuri jua likiwa kali huuziba mlango kwa mchanga na kulala chini kwenye ubaridi.

Haya si maneno ya wavuvi peke yao. Mtaalamu wa Kitaliano, Marco Vannini, aliwachunguza kaa hawa miaka ya 1970 huko Sar Uanle, kusini ya Kismayu, na mwaka 1980 akachapisha maandishi juu ya matundu yao na namna wanavyochimba. Miaka michache kabla yake, mwaka 1975, Hartnoll aliorodhesha kaa wa jamaa hii walioko Tanzania. Pwani yetu ya Waswahili basi imechangia katika elimu hii tangu zamani, ingawa vitabu hivyo havikurudi kusomwa madukani kwetu. Jamaa zao wa Bahari ya Shamu wana mtindo wa ajabu zaidi: dume hujenga kichuguu cha mchanga nje ya tundu lake, mfano wa piramidi, ili majike walione kwa mbali.

Mzee alinisikiliza mpaka hapo kwenye kuchimba hadi mchanga mbichi. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi huyo kaa ni Mkamba!"

Asubuhi yake alinipeleka kuona alichomaanisha. Tulishuka kwenye mto ambao mimi nisingeuita mto: njia pana ya mchanga mkavu, hamna tone. Katikati mama mmoja ameinama ndani ya shimo linalomfika kiunoni, anachota kwa kibuyu na kujaza mtungi wa plastiki, punda anangoja. Maji yalikuwa masafi. Hivyo ndivyo Ukambani kulivyoishi kiangazi miaka yote. Mvua ikinyesha, mto hujaa siku chache ukaenda zake, lakini mchanga hubaki umeyashika maji chini, jua haliyafikii, na watu huchimba kuyafuata. Kisima kwa Kikamba ni kithima, na mji wa Kithimani haupo mbali na hapo. Wenyeji wa huko wamejenga hata vizuizi vya zege kukatiza mito kama hiyo, kusudi mchanga ujikusanye na maji yawe mengi. Mabwawa hayo ya mchanga ya Machakos, Makueni na Kitui watu wa nchi nyingine huja kujifunza.

Hapo ndipo lori linapoingia. Likichukua mchanga, halichukui mchanga tu. Linaondoka na lile ghala la maji, mto unabaki mwamba na udongo mgumu, na mama yule itambidi atembee mbali zaidi. Serikali inajua. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uchimbaji mchanga mwaka 2007, na kaunti ya Machakos ikatunga sheria yake mwaka 2014. Sheria ipo, na malori niliyahesabu mwenyewe nikiwa na kikombe mkononi. Ukiwauliza vijana wanaopakia watakwambia nyumba za Nairobi hazijengwi kwa dua, na wao wana watoto wa kulisha. Sikuwa na la kuwajibu, kwani hata nyumba yangu haikujengwa kwa dua.

Sasa msomaji wa Pwani atauliza, hayo ya Katangi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili, na moja hutajwa vibaya mara kwa mara.

Mto Athi unapita Yatta. Ukishuka na kukutana na Mto Tsavo unabadilika jina kuwa Galana, na ukikaribia Malindi sisi tunauita Sabaki. Ni maji yale yale. Kwa hiyo nimesikia watu wakisema kwenye mikutano kwamba malori ya Machakos ndiyo yanayokonda fukwe zetu. Jamani, tusiseme tusichokipima. Malindi shida yake kubwa haijawahi kuwa uchache wa kinacholetwa na mto, ni wingi. Ufuo wa mji umejaa hadi bahari imesogea mbali na majengo yaliyokuwa karibu nayo, na msimu wa mvua maji yanakuwa mekundu mpaka mbele ya matumbawe. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, ambalo mwilini mwake limeandika, mwaka baada ya mwaka, kiasi cha udongo ulioletwa na Sabaki. Kwa karne mbili hivi udongo ulikuwa mdogo, kisha kuanzia mwanzo wa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa kwa namna nyingine chini ya ukoloni, ukaongezeka na kuendelea kuongezeka. Udongo wa Ukambani uliandikwa baharini kwetu kabla babu zetu hawajajua kuuliza.

Mchanga na tope ni vitu viwili. Lori linachukua zile punje kubwa zinazoshika maji na kufanya ufuo. Tope jepesi linaachwa, na kingo za mto zilizobomolewa kwa majembe zinaongeza jingine. Uchimbaji ukizidi, hofu yangu ni kwamba tutapata hasara ya pande zote, kizuri kinakwenda Nairobi na kibaya kinakuja Malindi. Na kinyume chake ni kweli pia. Wakamba walipokata matuta kwenye vilima vyao udongo ulishikika. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994 kilieleza jinsi Machakos ilivyoongezeka watu huku mmomonyoko ukipungua. Kila tuta lililokatwa kule ni zawadi kwa mvuvi wa Mambrui, ingawa hajawahi kusema ahsante.

Ukija kusini, kuanzia Watamu hadi Diani na Shimoni, hadithi ni nyingine. Ule mchanga mweupe wa huko haukuletwa na mto wowote kutoka Machakos. Ni matumbawe, makombe na mimea ya baharini yenye chokaa, vimesagika. Sehemu yake imepita tumboni mwa pono, samaki anayeguguna tumbawe na kutoa unga. Kwa maana hiyo mchanga ule hauna mgodi wa kuufidia haraka. Uliochotwa chini ya bahari mbele ya Kwale kwa ajili ya bandari ya Mombasa na reli ya SGR, wavuvi wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka, haukuletwa na mvua na hautarudishwa na mvua.

Lakini kesi ya kaa, ile niliyomwambia mzee, haiko chini ya bahari. Iko juu, kwenye ile mita chache kati ya maji makuu na majani. Huko ndiko kaa wakubwa wanakoishi, huko ndiko kasa anakotagia, na huko ndiko tunakojenga ukuta.

Kuna ufuo mmoja, sitautaja, ambao nimeutembea tangu niko madrasa. Miaka kadhaa iliyopita bamvua ilikula kipande cha kiwanja cha mtu, naye kwa haki yake akajikinga: ukuta wa mawe, mrefu kuliko mimi. Jirani alipoona mawimbi yanamgeukia yeye, akajenga wake. Sasa ni ukuta mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Maji yakijaa yanaupiga ukuta na kurudi na mchanga. Hakuna tena ufuo mkavu wakati wa maji makuu. Nimepita pale alfajiri baada ya swala, wakati ambao zamani ulikuwa huwezi kuweka mguu bila kukanyaga mchanga uliotupwa na kaa. Mbele ya ukuta hamna tundu. Ukifika mahali ukuta unapoishia, penye kiwanja kitupu kilichobaki na majani yake, matundu yanaanza kama kwamba mtu amechora mstari.

Watafiti katika nchi nyingi wameona jambo hilo hilo, na ndiyo sababu kuhesabu matundu ya kaa wa mchangani kumekuwa kipimo kinachojulikana cha afya ya ufuo. Palipojengwa kuta, palipo na magari mchangani, palipokanyagwa na umati kila siku, matundu hupungua. Hakihitaji mashine kipimo hiki, hakihitaji hata umeme.

Na sheria yetu inamwacha kaa nje ya mlango kwa hatua chache. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo baina ya maji makuu na maji madogo ni ardhi ya umma. Vizuri sana. Lakini kaa aliyekomaa anachimba juu ya maji makuu, na hapo, sehemu nyingi za Pwani, panaanza hati ya mtu, nyingine imetolewa kabla ya uhuru. Mwenye hati akijenga ukuta kwenye mpaka wake, umma bado unayo ardhi yake, ila mara mbili kwa siku iko chini ya maji. Wanazuoni wa fikihi walikuwa na neno kwa jambo hili, harim: kisima au mto una eneo la pembeni ambalo haliruhusiwi kuchimbwa wala kujengwa, kwa sababu bila eneo hilo kisima si kisima. Ufuo wetu umeandikwa katika katiba bila harim yake.

Nayasema haya sasa kwa sababu maombi ya kuta yanaendelea kuletwa, kila moja na ripoti yake ya athari za mazingira, na sisi tunaitwa kutoa maoni kwenye ukumbi wenye soda na viti vya plastiki. Nimehudhuria mikutano hiyo. Mwenye mradi anakuja na karatasi na picha za rangi, sisi tunakuja na manung'uniko. Karatasi hushinda. Basi na tuje na hesabu. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vipo kila bandari ndogo ya wavuvi, na vijana wao wanaijua bamvua kuliko mshauri yeyote aliyetoka mjini. Wachague kipande cha ufuo, wafunge kamba kutoka majani hadi majini, wahesabu matundu yenye mchanga mbichi mlangoni, alfajiri kabla jua halijawa kali na mbwa hawajapita. Warudie mwezi baada ya mwezi, kusi na kaskazi, kwa kuwa pepo hubadilisha mambo na hesabu ya siku moja haisemi kitu. Mwaka ukiisha wana daftari. Siku ya mkutano waliweke mezani na wamuulize mwenye mradi yeye amehesabu ngapi.

Wapo watakaosema watu wana njaa nawe unahesabu kaa. Nimeambiwa hivyo nyumbani kwangu mwenyewe. Kaa huyu simpendi kwa lolote. Hufukua viota vya kasa akala mayai, na samaki ukimsahau mchangani usiku hutamkuta. Ninachohesabu ni kile alichokifuata chini. Kule Katangi hakuna aliyemuuliza yule mama kama shimo lake lina kina gani mwaka huu na lilikuwa na kina gani miaka kumi nyuma, ilhali hiyo ndiyo takwimu ya mto mzima.

Nilipokuwa naaga, mzee alinipa kilo mbili za pojo nimpelekee mama watoto, akaniuliza kaa mmoja anaweza kuishi Katangi, kwenye ule mchanga wa mtoni. Nilimwambia hapana, mayai yake lazima yamwagwe baharini. Akafikiri kidogo, akasema kama malori hayatapungua hata Mkamba hataweza.

Bamvua ijayo ni mwezi mpya. Kamba ninayo, na vijana wawili wa BMU wameniahidi kuja. Tutaanzia pale ukuta unapoishia.